Kamati ya Bunduki

Ukitaka kujua ukoo wako una mabingwa wangapi wa silaha, tangaza kwamba unataka kununua bunduki. Watajitokeza watu ambao tangu uwafahamu hujawaona wameshika hata manati. Shemeji muuza vitenge ataanza kuzungumzia urefu wa mtutu. Mjomba aliyestaafu upishi wa shule ya bweni atakueleza namna upepo unavyoipeleka risasi kando. Na kila mmoja atamalizia kwa kauli ileile: "Usije ukanunua ya kawaida."

Baba mdogo wangu hakuwa na nia ya kununua ya kawaida. Yeye anaishi Ludewa, upande wa Mundindi, karibu na vile vilima vya Liganga ambavyo Watanzania wengi wamevisikia zaidi kwenye redio kuliko kuviona. Tatizo lake lilikuwa la zamani na halikuwa na siri: nguruwe pori. Mahindi yakianza kukomaa wanashuka usiku, wanalaza mstari baada ya mstari, wanakula nusu na kukanyaga nusu. Mwaka alioukata msitu wake wa misindano na hela za mbao zikaingia, akaapa kwamba safari hii nguruwe watamtambua.

Balaa ililetwa na kitabu. Kijana mmoja wa mjini alimchapishia katalogi ya bunduki za kuwindia zinazotengenezwa nusu kwa nusu: kiwanda kinatoa mtutu na bolti, halafu mteja anajichagulia yaliyobaki. Rigby wa London, kwa mfano, mpaka leo wanajenga bunduki zao za wanyama wakubwa juu ya bolti ya Mauser, muundo wa Mjerumani wa mwaka 1898, kwa sababu ina ukucha unaolikamata ganda la risasi tangu linatoka kwenye magazini na hauliachii mpaka linaporushwa nje. Mengine ni hiari yako: ukubwa wa risasi, mbao za kitako, uzito wa triga, darubini au bila darubini, na ukipenda, herufi za jina lako zichorwe kwenye chuma. Baba mdogo alipofika kwenye herufi za jina akavua miwani. "Hawa watu," akasema, "wana adabu."

Ikabidi kikao kiitishwe. Kiliitishwa Makambako kwa shangazi, maana pale ndipo ukoo unapokutania. Wanaotoka Songea, Mbeya na Dar es Salaam njia zao zote zinapita hapo. Nikapewa ukatibu kwa kuwa mimi ndiye ninayekielewa Kiingereza cha katalogi. Mama mdogo akawa mweka hazina, cheo alichojipa mwenyewe, na hakutokea wa kumpinga.

Ajenda ya kwanza ilikuwa ukubwa wa risasi. Babu mmoja wa upande wa shangazi akaomba nafasi akatupeleka moja kwa moja kwenye simba wa Njombe. Kati ya mwaka 1932 na 1947 simba walikula watu katika nchi hii yetu kiasi kwamba waliouawa wanakadiriwa kufikia 1,500. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeua wanyama wengi wa porini ili kuzuia sotoka isifike kwa ng'ombe, simba wakakosa nyama, wakaitafuta vijijini. Kilichowamaliza ni bunduki za bwana nyama George Rushby na watu wake. Babu akakaa, kisha akainuka tena kutoa hitimisho: "Kwa hiyo tununue ya simba."

Hakuna aliyeuliza mara ya mwisho simba alionekana lini Mundindi. Hoja ilikuwa imeshapata uzito, na mjomba akaidaka: sheria ya Tanzania haikuruhusu kuwinda simba, nyati wala tembo kwa risasi iliyo chini ya .375, yaani milimita 9.5. Basi iwe .375 ya Holland & Holland, risasi iliyoanza mwaka 1912 na haijazeeka. Inasukuma gramu 19 za risasi kwa kasi ya kama mita 760 kwa sekunde. Nikaandika kwenye muhtasari. Babu akauliza kuhusu ile Mauser, akaambiwa ndiyo yenye ukucha. Akaguna. Alisimuliwa na baba yake kwamba Mjerumani Von Lettow alipita nazo Ubena mwaka 1918 akimkwepa Mwingereza, na pamoja na ukucha wote huo, nchi haikubaki mkononi mwake.

Ajenda ya pili, mbao za kitako, ndiyo ilitaka kuvunja undugu. Katalogi ilipendekeza mjozi. Lakini huu ni ukoo wa wauza mbao, na kumwambia muuza mbao wa Njombe alipe pauni za Uingereza kwa ajili ya mti ni kumtukana mbele ya watoto. Mmoja akatoa mninga. Mwingine akasema mninga ni wa vitanda, bunduki ya heshima ni mpingo. Mpingo ukapigiwa makofi mpaka binamu seremala akawakumbusha kwamba mti ule ukiutupa majini unazama, na baba mdogo ana goti linalomsumbua. Mwishowe mninga ukapita, na ikaamuliwa binamu huyo achonge kwanza bunduki ya mfano kwa msindano, ili mwenye mali ajaribu kuiweka begani kabla hatujatuma hela yoyote.

Wazo lilikuwa zuri. Urefu wa kitako unatakiwa ulingane na mkono wa mpigaji. Kwa mtu wa wastani ni kama sentimita 34 kutoka kwenye triga hadi mwisho wa kitako. Kikiwa kifupi, pua inagongwa na kidole gumba. Kikiwa kirefu, kinanasa kwapani wakati unakiinua, na mnyama hakusubiri ujinasue. Ila kazi ya kupima walimpa fundi cherehani wa jirani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na futi. Ilikuwa Julai. Anayeijua Makambako ya Julai anajua baba mdogo alikuwa amevaa nini: fulana, shati, sweta, koti, na juu yake koti jingine. Fundi akapima juu ya yote hayo, kisha kwa uaminifu wa kazi yake akaongeza vidole vinne. Alipoulizwa vya nini, akajibu, "Nafasi ya kupumulia, mzee. Nguo haitakiwi kubana."

Bunduki ya mfano ilipokamilika ilikuwa nzuri sana kwa macho. Binamu aliipaka rangi ya kiatu, akaichomekea kipande cha bomba la maji kuwa mtutu. Baba mdogo akaiinua kwa madaha mbele ya ukoo. Kitako kikaingia kwenye koti la juu, kikashika mfuko wa koti la ndani, kikagoma kupanda wala kushuka. Shangazi na mjomba walimvua makoti akiwa bado ameielekeza juu, huku fundi cherehani akisisitiza kwamba begani imekaa vizuri, shida ni mikono.

Kisha mfano ule ulitakiwa ufike Ludewa, akaujaribie shambani. Tukautia kwenye salfeti ya mbolea, tukapanda Coaster ya Njombe. Salfeti ilikuwa fupi. Kufika njiani, bomba la maji likajitokeza taratibu, likawa linamchungulia kondakta tumboni. Kondakta huyu, tangu tunatoka stendi, alikuwa akiapa kwamba hana chenji ya elfu kumi na kwamba tungepewa mbele ya safari. Chenji ilipatikana palepale. Ilipatikana pamoja na siti ya mbele, ambayo mwenye nayo alikumbuka ghafla kwamba hupenda kusimama. Muziki ukapunguzwa. Baba mdogo, asiyejua lolote, alinigeukia akanong'ona kwamba siku hizi vijana wa magari wamestaarabika.

Aliyeokoa jahazi alikuwa mzee mmoja wa Njombe mjini, mwenyewe bwana nyama mstaafu, ambaye baba mdogo alimpitia kwa heshima ili aupitie uamuzi wa kamati. Tukasalimia, "Kamwene," tukakaribishwa chai. Mzee akaupokea muhtasari wangu akausoma wote kimya. Kwanza akaisogeza mbele nyusi yake ya kulia tuione. Palikuwa na kovu dogo lililopinda vizuri kama mwezi mwandamo. "Hii ni darubini," akasema. "Bunduki yenye nguvu inarudi nyuma. Ukiisogelea darubini jicho lisipoachiwa nafasi ya upana wa kiganja, inakuja kukusaini. Wewe umeandika .375 yenye darubini. Utasainiwa."

Kisha akamsimulia habari za Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi ndogo ya milimita 7, kwa sababu alijua ubongo wa tembo umekaa wapi, akautafuta kwa utulivu. Mtu asiyejua pa kupiga, mzee akasema, mpe hata mzinga, atabomoa kilima.

"Sasa niambie, ndugu yangu. Unataka kupiga nini?"

"Nguruwe."

"Wanakuja saa ngapi?"

"Kuanzia saa saba usiku. Mara nyingi saa tisa."

Mzee akakunja muhtasari. Akaeleza taratibu kama mtu anayehesabu shanga. Bunduki inaombewa kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na maombi yanaanzia kwenu kijijini, wanaokujua, yakipanda ngazi moja baada ya nyingine. Ukishaipata, bado hujapata ruhusa ya kuwinda. Hiyo ni leseni nyingine, iko chini ya Sheria ya Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Na ukishaipata leseni, sheria hiyohiyo inakukataza kuwinda usiku. "Kwa hiyo wewe una haki ya kuwinda mchana, na nguruwe ana mazoea ya kula usiku. Hamtakutana."

Baba mdogo alishika kikombe bila kunywa. Mkutano wa mwisho ukafanyika Mundindi kwenyewe, nyumbani kwake, na hapo binamu mmoja mwenye matumaini akajaribu kuufufua mradi kwa njia ya uzalendo. Kwa nini tuagize mtutu Ulaya wakati tumekalia chuma? Liganga inakadiriwa kuwa na tani milioni 126, na ndani yake mna vanadi, ambayo ndiyo hutiwa kwenye chuma cha pua kiwe kigumu. Wahenga wa Upangwa walikuwa wahunzi, walijifulia majembe na mikuki bila katalogi ya mtu. Tusubiri mgodi ufunguliwe, bunduki ya mzee itoke kwenye mlima wake mwenyewe.

Mama mdogo, aliyekuwa akichambua maharage, hakuinua kichwa. Mkataba wa huo mgodi na Wachina, akasema, ulisainiwa mwaka 2011, wa dola bilioni 3, na makaa ya Mchuchuma humohumo. Fidia ya wananchi imelipwa mwaka 2023. "Mahindi yangu yanakomaa Mei."

Ndipo akasoma taarifa ya hazina. Alikuwa ameuliza bei ya risasi moja ya .375, akaibadilisha kuwa mahindi, akapata jibu ambalo hakulisoma kwa sauti ila alilionyesha kwa kidole upande wa ghala. Akapitia sifa zote tulizozichagua, moja moja: bolti yenye ukucha, triga laini, kitako cha mninga, darubini, herufi za jina. "Zote nzuri," akasema. "Ila kuna moja kamati imeisahau. Nani ataamka saa tisa?"

Hapo ndipo kilio kilipokuwa. Baba mdogo ni mtu mwema na jasiri, lakini baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku hata mwizi anaweza kumhamisha na kitanda chake. Tulikuwa tumeandika kurasa za bunduki inayomfaa mkono, bega na jicho, na mkono wenyewe ungekuwa chini ya blanketi. Kwa kweli nguruwe hakuwa na ugomvi na risasi ya aina yoyote. Alichokuwa anakihesabu ni usingizi wetu.

Basi likajengwa dungu katikati ya shamba, la misindano, maana hela ya mti haikuhama ukoo. Akaajiriwa kijana wa kulala humo na mbwa wawili, na debe bovu la kugonga. Kijana naye aliulizwa anahitaji vifaa gani, na orodha yake ilikuwa fupi: tochi, buti za mvua, sukari ya chai, na mshahara usiozungushwa. Mweka hazina alipitisha vyote bila mjadala. Bunduki ya mfano ilipewa kazi pia. Imesimamishwa pembeni mwa shamba mikononi mwa sanamu la kutisha ngedere, ambalo limevaa lile koti la juu na kitako limekimudu vizuri kuliko mwenyewe.

Mahindi tulivuna. Nguruwe wakahamia kwa jirani, naye juzi alinipigia simu kuuliza kama katalogi ile bado ninayo. Nikamwambia ipo, ila akiichukua amchukue na mweka hazina.