Kwa Ofisi Husika: Madai ya Posho ya Kuonja Maji

Kwa Mkuu wa Ofisi Husika,
Idara ya Maji Yaliyo Chini ya Ardhi

Mheshimiwa,

YAH: POSHO YA MPIMA VISIMA, KIKAMBALA

Anwani yako imenisumbua kuipata. Kila mlango niliobisha niliambiwa jambo hili nilipeleke kwa ofisi husika, nikaona bora nikuandikie mwenyewe.

Nakuja na madai ya posho, na sababu yake ni hii. Kazi ya kupima chumvi katika visima vya mtaani kwetu inafanywa na Hawe, bibi wa jirani yangu, na chombo chake ni ulimi. Alfajiri anateka ndoo, anachota kwa kiganja, anayazungusha maji mdomoni, anatema kwenye shina la mnazi, kisha anatoa ripoti: "Leo ya kuoga." Hapo chai haiinjikwi mpaka mtoto atumwe kwa mwenye mkokoteni akanunue mtungi wa maji ya mfereji. Siku akisema, "Bahari imeingia," hata sabuni tunairudisha kabatini, maana haitoi povu. Chombo hiki hakili betri wala hakijapelekwa Nairobi kutengenezwa. Kasoro yake ni moja: hakiandiki.

Nakupongeza kwa kukichagua chombo hiki. Ofisi inayotumia ulimi wa Hawe haiwezi kushtakiwa, kwani maji ambayo hayakupimwa yalipokuwa matamu, nani atathibitisha kwamba yameharibika? Mkaazi akija kulalamika, anaulizwa ana takwimu gani. Akiuliza takwimu zenu, anaambiwa aandike barua. Kama zipo, basi hazijafika kwenye ubao wa chifu, ambako matangazo ya mbuzi waliopotea hufika mapema tu.

Sitaki kukufundisha kazi, ila chini yetu ni mwamba wa matumbawe uliojaa matundu. Mvua inazama humo na kuelea juu ya maji ya bahari, kama mafuta ya nazi juu ya mchuzi. Zaidi ya miaka 100 iliyopita Mholanzi Badon Ghyben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa njia yake, walipiga hesabu hii: maji matamu yakiwa mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo yanashuka kama mita 40. Sasa igeuze hesabu. Pampu ikiyashusha kwa mita 1, chumvi nayo, ikipewa muda, inapanda kama mita 40. Ndoo na kamba havina ubavu huo. Kisima cha mashine kinachonywesha bustani mchana kutwa na kujaza bwawa la kuogelea kinao. Sisemi ni cha nani. Nitasemaje, na hakuna aliyepima?

Nimesoma habari za wenzetu wanaokaa karibu na migodi ya makaa ya mawe ya chini ya ardhi, na nakiri nimewaonea wivu. Mgodi wa namna hiyo lazima ukaushwe kwa pampu ndipo watu wachimbe, na ukikaushwa, visima vya majirani hushuka. Paa la mgodi likiporomoka, miamba ya juu hupasuka na maji hupata njia mpya. Kwa hiyo panapofuatwa utaratibu, visima vyembamba huchimbwa pande zote kabla ya kazi kuanza. Si vya kunywa, ni vya kupimia tu. Hupimwa kina, chumvi na asidi, kabla ya uchimbaji, wakati wa uchimbaji, na hata mgodi ukishafungwa. Jirani akienda mahakamani, anakwenda na namba.

Basi nikatamani makaa ya mawe. Lakini ya Mui, kule Kitui, bado yamelala ardhini, na leseni ya mtambo wa umeme wa makaa wa Lamu ilifutwa na baraza la rufaa za mazingira mwezi Juni 2019, kwa hiyo foleni ya makaa haitufikii leo. Hata Kwale wametupita: kule Maumba na Nguluku, ambako titani ilichimbwa hadi mwishoni mwa 2024, maji ya ardhini yalipimwa, na wataalamu wa Oxford na Nairobi wakaja kuyachunguza. Sisi bahati yetu mbaya ni kwamba kinachochimbwa kwetu ni maji yenyewe. Naomba basi Kikambala itangazwe kuwa mgodi, pengine tutapata mtu wa kutupimia.

Kifungu cha 5 cha Sheria ya Maji ya 2016 kinasema serikali ya taifa inashikilia rasilimali za maji kwa niaba ya wananchi. Hiyo ni amana, Mheshimiwa. Hata mama wa chama cha merigoraundi, anayeshika shilingi zetu kwenye mkoba, ana daftari.

Mbali na posho hiyo, tunachotaka ni bomba jembamba katika uwanja wa shule, kifuniko chenye kufuli, utepe wa kupimia kina, kipima chumvi, na mtu wa kuja kila mwezi. Ubao wa kuandikia tunao: ule mkubwa wa mradi wa maji uliozinduliwa kwa ngoma. Nyuma yake hakujaandikwa kitu, na mbele hakuna anayesoma tena.

Ombi dogo kuhusu ratiba. Msije siku moja tu, masika yakiwa yamekolea na maji ya bahari yakiwa mafu, mkaonja, mkapigwa picha, mkaandika kuwa maji ni safi. Njooni pia mwisho wa kaskazi, kwenye bamvua, wakati wageni wamejaa na pampu hazilali. Hawe atakuwepo, yeye halipwi kwa safari.

Wako mtiifu,
Karani wa Hawe (bila mshahara)

N.B. Chupa iliyo ndani ya bahasha ni sampuli, si zawadi. Mwambie katibu wako asimwagilie maua.