Pumzi za Mpala

Mabingwa wa afya ya akili, ambao nia yao haina shaka ni njema, watunasihi kwamba mwenye dhiki ya moyo afumbe macho, avute pumzi taratibu na kutafakari maji matulivu. Nasaha adhimu, ila mvuvi wa Mpala, aliye ziwani Tanganyika usiku wa manane, taa ikiwavuta ndagala na nyavu zenyewe zikiwa za mkopo, akifumba macho huenda asiyafumbue tena. Storms, mwanajeshi Mbelgiji aliyejenga boma lake papo hapo mwaka 1883, naye yaonekana alitafuta raha ya nafsi, hata mwaka 1884 watu wake wakamkata kichwa mtemi Lusinga, na fuvu likasafirishwa Ubelgiji. Zoezi hilo, Mungu ashukuriwe, mabingwa wetu hawajalipendekeza.