Dakika 60 za Papa

Nyumbani kwangu, hapa komini ya Tshopo, kumeingia daktari. Ana miaka 9, pengo moja mbele, na daftari. Siku waliyofundishwa shuleni habari za kula vizuri na kuchangamsha mwili ndiyo siku mimi nilipopoteza uhuru wangu.

Alianza na sukre, yaani soda. Nikitoka kazini huwa najinunulia chupa moja baridi ya kuondoa vumbi kooni. Nimeketi, sijafungua hata kizibo, mtoto akaja na bilauri na kopo letu la sukari. Akaanza kuchota: kijiko kimoja, viwili, vitatu. Kilipofika cha 8 nikamshika mkono. "Unamaliza sukari ya chai ya wiki nzima!"

"Papa, hii yote iko ndani ya chupa yako."

Nikasoma maandishi ya chupa kwa hasira. Sentilita 33, sukari karibu gramu 35. Hesabu yake ilikuwa sawa, na hilo ndilo lililoniudhi. Nilikunywa, lakini kila funda nililihesabu.

Kesho yake akageukia miguu. Shirika la Afya Duniani, akasema, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate dakika 60 za kuchangamka kila siku. Sasa huyu ni mtoto anayekwenda shule kwa miguu, anayechota maji, na jioni anacheza nzango na wenzake mpaka giza, makofi, nyimbo na kurusha miguu, vumbi tupu. Nzango hiyo hiyo mwaka 2015 ilipelekwa Brazzaville kwenye Michezo ya Afrika, ikaonyeshwa mbele ya watu. Dakika 60 huyu anazimaliza kabla ya kunawa uso. Nikajua kuna mwingine anayetafutwa.

"Na wakubwa je?"

"Dakika 150 kwa wiki, Papa. Au zaidi."

Nikasema vizuri, nitazilipa zote Jumapili. Akaandika kitu kwenye daftari. Hakunionyesha.

Nikakimbilia kwa mababu, maana mtu akibanwa huwaita wafu. "Wazee wetu walikula lituma ya ndizi, pondu ya majani ya muhogo na mawese, hawakuwa na daftari, na walikuwa na nguvu!" Nilidhani nimemaliza kesi. Kumbe daftari liko upande wa wazee. Lituma, nzuri. Pondu, nzuri. Viwavi vya mbinzo na samaki, nzuri sana, ndivyo vinavyojenga mwili. Mawese mekundu huupa mwili vitamini A ya macho. Kibaya ni mikate mitano ya mafuta asubuhi pamoja na sukre, halafu jioni mlima wa fufu na mchuzi wa kupakia tu.

Mama watoto alikuwa anakwangua samaki wa mpiodi, hata hakuinua kichwa. "Wazee walikula lituma, ndiyo. Nani alitwanga? Na hao wavuvi Wagenia wanaosimika miti katikati ya maji yanayonguruma na kushusha vikapu vyao, umewahi kuona mmoja mwenye tumbo kama hilo? Wewe unaishi kando ya mto, samaki wako anatoka baharini ameganda kama tofali, na bado unapanda pikipiki kwenda kumnunua."

Sikumjibu, kwa sababu ana siri yangu. Wiki iliyopita pikipiki zilikosekana, nikachukua toleka, teksi ya baiskeli. Tulipofika mahali penye mwinuko kidogo, wala si kilima, kijana akasimama, akafuta jasho. "Papa, samahani, shuka tusaidiane." Nikalipa nauli nzima na baiskeli nikaisukuma mimi. Baiskeli hizo zilibeba mji huu miaka ya vita, petroli ilipokuwa hadithi: magunia, wagonjwa, hata ndizi mikungu kumi. Zimekuja kushindwa na mimi.

Jumapili ikafika. Nilikuta kinu uani, ndizi za makemba zimechemshwa, mvuke unapanda, mchi umeegemezwa kwenye kiti changu. Daktari ameshika simu yangu kwa ajili ya saa. Nilitwanga. Dakika ya 4 shati lilivuliwa. Ya 7 ndizi zikaanza kunata na kuuvuta mchi kama zinataka kuniingiza mimi ndani. Ya 10 majirani walikuwa wameleta viti. Bibi mmoja akauliza kama mama watoto ni mgonjwa.

"Dakika 11, Papa. Bado 139."

Lakini ile lituma, jamani. Tulikula na samaki na pondu, wote kwenye mkeka mmoja, na hakuna aliyekumbuka sukre, hata mimi, mpaka nilipokuwa nimeshalala. Mabega yanawaka, kiganja kina lengelenge. Nimemwuliza daktari dawa. Amefungua daftari, akasoma, akafunga.

"Pondu imeisha, Papa. Kesho utatwanga majani."