Nyaya Tatu na Mizani Bubu

Kazi ya kompyuta huwa ndogo kwa anayeileta. "Fundi, mizani hiyo hapo, kompyuta hiyo hapo, waya huo hapo. Nataka kilo zijitokeze zenyewe kwenye skrini, nimechoka na namba za kuandikiwa na hawa vijana." Bosi wa nafaka akishasema hivyo, kwake kazi imekwisha. Anaagiza chai.

Nakiri, waya wenyewe hautishi. Utaratibu wake wa mawasiliano unaitwa RS-232, upo tangu 1960, na kwa mazungumzo ya kawaida nyaya tatu zinatosha: wa kutuma, wa kupokea na wa ardhi. Hauna nywila, haudai bando. Ndiyo maana mizani na printa za risiti bado zinao, ingawa laptopu za siku hizi zimeufuta na kutuachia adapta za USB.

Na adapta nazo! Leo Windows inaiita COM3. Kesho mtu anafagia, anaichomoa, anairudisha tundu la jirani, basi imekuwa COM7 na programu inalia kwamba mlango haupo. Ukihamia Linux unanyimwa ruhusa hadi uingizwe kwenye kundi la dialout, jina la enzi za kupiga simu kwa modemu. Kompyuta yako, umeme unalipa wewe, na bado ubishe hodi.

Sasa mizani. Pande mbili lazima ziwe na makubaliano kabla ya kuanza: kasi, idadi ya biti za kila herufi, pariti (biti ya kukagua makosa), biti ya kusimama. Kwa kawaida ni biti 9600 kwa sekunde, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama, yaani, pamoja na biti ya kuanzia, herufi 960 kwa sekunde. Ukikosea kasi hakuna anayekwambia umekosea. Zinamiminika alama za ajabu kama hirizi iliyoloa. Na nyaya ukizinyoosha, wa kutuma ukakutana na wa kutuma, wote wawili wanaongea na hakuna anayesikia. Lazima zipishane.

Ukishavuka hapo unaona mstari mzuri: ST,GS,+ 90.00kg. ST maana yake uzito umetulia. Shangilia polepole, kwa sababu mstari haufiki mzima. Programu inasoma, inapata "+ 9", na hiyo "0.00kg" bado iko njiani. Asiyejua anachukua alichopata, na gunia la mahindi la kilo 90 linauzwa kwa kilo 9. Inabidi ukusanye vipande hadi zifike herufi namba 13 na 10, urithi wa mashine za simu ya maandishi: moja ya kurudisha kichwa mwanzo wa mstari, nyingine ya kusogeza karatasi. Karatasi yenyewe haipo. Na usipoweka ukomo wa kusubiri, mizani ikizimwa programu itaganda hapo hapo, na bosi ataanza kuulizia fundi mwingine.

Yote haya yangepungua nusu kama mizani ingekuja na maelezo. Inakuja na karatasi ya Kichina na picha ya tango.

Ndugu zangu mnaouza mizani, bandikeni nyuma yake kasi, pariti na mpangilio wa nyaya, kwa wino usiofutika. Nanyi mabosi, chai nakunywa, lakini bei ni ile ile.