Bendera Nyingi, Mwendo Ule Ule

Usiku, dukani. Juu ya kaunta kuna kompyuta mbili. Moja ina Core 2 ya mwaka 2006 na ndiyo inayotunza mauzo. Ya pili, ya mwaka 2019, ni ya kijana aliyeahidi kuiharakisha programu ya duka. Kijana ametoka kutafuta chipsi.

MJUKUU (prosesa ya 2019): Shikamoo, babu. Nasikia umeikataa programu yangu mpya.

BABU (prosesa ya 2006): Marahaba. Sikuikataa. Niliisoma mpaka nikakuta neno nisilolijua, mfumo ukainyonga papo hapo: "agizo haramu". Nani aliyeniandikia kwa lugha ya wajukuu?

KOMPAILA (mfasiri wa msimbo kuwa maagizo ya prosesa): Mimi, lakini nilitumwa. Bwana mdogo aliniwekea bendera ya -march=native, yaani nitumie kila agizo linalojulikana na prosesa ya hapa nilipo. Nikamwona huyu na AVX-512 yake, anajumlisha namba 16 kwa mkupuo. Nikatumia. Sikuambiwa kama programu itasafiri.

BABU: Kusafiri! Ni hatua mbili hapa kaunta.

KOMPAILA: Angeniambia -mtune peke yake, ningepanga tu maagizo yamkae vizuri mjukuu, na wewe ungeyasoma bila shida. -march ndiyo inayokufungia mlango. Wao hudhani hizo mbili ni kurwa na doto.

MJUKUU: Na -O3 yangu isiguswe. Mimi si wa kulishwa -O2 kama mgonjwa.

KOMPAILA: Kwa -O3 nakunjua baadhi ya vitanzi, nanakili kazi ndogo kila zinapoitwa, msimbo unanenepa kama mwali aliyewekwa ndani. Kashe yako ya maagizo ni kubwa kiasi gani?

MJUKUU: (chini chini) Kilobaiti 32.

BABU: Ngapi?

MJUKUU: 32, babu.

BABU: Kama yangu! Miaka 13 yote, na sufuria ni ile ile.

KOMPAILA: Hilo dogo. Kaweka na -ffast-math, kwenye hesabu za watu! Chukua 10,000,000,000,000,000, ongeza 1, kisha toa zile za mwanzo. Kwa namba zenye nukta za biti 64 jibu ni 0, maana ile 1 haina pa kukaa. Bendera hii inaniruhusu nitoe kwanza ndipo niongeze, jibu linakuwa 1. Hesabu zikipishana, mwenye duka atamshuku nani?

BABU: Msichana wa kaunta, kama kawaida.

MJUKUU: Sasa bendera zote hizi kazitoa wapi?

KOMPAILA: Kwa mtu aliyejisifu kwamba programu yake inapaa. Bendera hufuata upepo. Yule alikuwa akichakata picha. Wetu anaandika unga na sabuni. Hakupima kabla, hakupima baada. Tangu Richard Stallman aniachie hadharani mwaka 1987, nikiitwa GCC, wanaokuja kwangu na vipimo ni wachache kuliko wanaokuja na tetesi.

DISKI (ya Babu): (akikwaruza) Niseme?

BABU: Wewe nani kakuamsha?

DISKI: Nilale saa ngapi? Ile programu ya zamani, kila mstari mmoja wa mauzo inaamuru uandikwe mpaka kwenye sahani, nithibitishe, ndipo iende wa pili. Na mpya ni hivyo hivyo, nimeuona msimbo wake. Nazunguka mara 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja ni milisekunde 11 hivi.

BABU: (akipiga hesabu) Kwa mapigo bilioni 2 kwa sekunde… mapigo milioni 22 nimekaa nikitazama dari. Kwa mkate mmoja!

DISKI: Angeniletea mistari 500 kwa pamoja, nithibitishe mara moja, tungekuwa tumeshamaliza. Lakini mimi nani aniulize.

MJUKUU: Kwangu hakuona kitu. Sina sahani inayozunguka.

Mlango unalia. Kijana anaingia, anafuta mafuta vidoleni, anakaa.

MJUKUU: Anazipunguza bendera?

KOMPAILA: Anaongeza. -funroll-loops.

BABU: Zunguka tu, mwanangu Diski.