Sifa za Snapushoti, Mgeni Asiyeaga

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wahenga hawakuwa na seva. Sisi tunaotunza data za utafiti Mbale, Uganda, jirani na mto Nabuyonga, maji tunayazoa kila wiki, na anayetuzolea hajawahi kupigiwa makofi: snapushoti, yaani picha ya mafaili kama yalivyo kwa wakati fulani.

Nianze na unyenyekevu wake. Mfumo wa ZFS, uliotolewa na Sun Microsystems mwaka 2005, huipiga kufumba na kufumbua, hata folda ya mradi ikiwa na terabaiti 10, kwani hakuna kinachonakiliwa. Kinachowekwa ni ahadi tu: vipande vilivyopo sasa visifutwe, maandishi mapya yatafutiwe mahali pengine. Mgeni gani mwingine hubisha hodi bila kuomba hata chai?

Kumbukumbu yake je? Asubuhi moja kijana wetu alifuta jedwali la miezi mitatu. Akasimama mlangoni: "Mzee, nimeharibu." Nikafungua folda iliyojificha, .zfs/snapshot, nikaingia ile ya saa 12 alfajiri. Jedwali limelala mle, halina hata mkwaruzo. Mchana niliona rolex mbili mezani kwangu, chapati zilizoviringiwa mayai, bado za moto.

Na uaminifu! Kwota ya mradi, yaani nafasi uliyogawiwa, ikifika asilimia 98, watu hufuta mafaili mpaka jasho liwatoke. Wakitazama tena: asilimia 98. Kila walichokitupa, snapushoti imekikumbatia, na kinahesabiwa kwenye kwota ileile. Ukiifuta moja, huenda usipate nafasi yoyote, maana dada zake kumi wameshika kipande kilekile. Umoja wa namna hiyo, koo nyingi zenye shamba la urithi zingeulilia.

Wenye busara huzipangia umri: za kila saa zikae siku moja, za kila siku zikae mwezi, za kila mwezi zikae mwaka. Mimi nilizipa majina: "usifute", kisha "usifute_kweli". Miaka imepita, sikumbuki zinalinda nini, na mkono wa kuzifuta sina.

Sifa ya mwisho ni kupenda kwao. Snapushoti hulala kwenye diski zilezile za faili inazozilinda. Hapo masihara yangu yanakoma. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022 mvua iliifurisha mito Nabuyonga na Namatala, sehemu za mji zikafunikwa na maji, watu zaidi ya 20 wakafa. Maji kama yale yakiingia chumba cha seva, faili na snapushoti zake vitazama vimeshikana mikono.

Hata hivyo snapushoti kusafiri inajua, ila mpaka iamrishwe, nayo baada ya safari ya kwanza hubeba mabadiliko tu, si mzigo mzima. Basi ndugu msomaji, isifu, izike ikizeeka, na kila usiku moja ipande gari. Ya kwetu hulala Kampala.