Wali Wenye Usukani

Mke wangu ndiye aliyeupata usukani. Alikuwa kaketi barazani anachagua mchele, ungo mapajani, anatoa chuya, anatupa kijiwe, mara akanyamaza kama mtu aliyesikia hodi.

"Baba watoto," akaita, "huu mchele umeletwa na lori gani?"

Siku nne nilikuwa nautafuta usukani ule. Ukubwa wake ni wa kifungo cha shati, unene wake ni wa mwiba wa dagaa, na ulikuwa umeniponyoka kwenye kibano nikiupeleka mahali pake. Nilisikia "ti!" moja tu. Tulihamisha makochi, tukakung'uta mkeka, na mimi nikamshuku hadharani kuku wa jirani, ambaye mpaka leo sijamwomba radhi. Kumbe uliivuka meza, ukaupita mlango, ukatua kwenye debe la mchele.

Chanzo cha yote ni mpwa wangu, anayefanya kazi Muscat, na kila akija likizo huniuliza, "Mjomba, safari ijayo nikuletee nini?" Mwaka juzi, badala ya kutaja jokofu kama watu wenye akili zao, nilianza kumsimulia magari tuliyokuwa tukiyaunda utotoni hapa Ngamiani. Bodi ni kopo la mafuta ya kupikia, ekseli ni waya, tairi ni ndala iliyokatwa kwa wembe, na usukani ni waya mrefu unaokuwezesha kuliendesha gari huku umesimama wima, unanguruma kwa mdomo wako mwenyewe. Niliwahi kukata ndala za marehemu baba zikiwa bado na afya njema. Bakora yake naikumbuka kuliko gari lenyewe. Mpwa wangu alinisikiliza, akacheka, akaondoka. Aliporudi alikuwa na boksi.

Ndani mlikuwa na lori la jeshi la Marekani, GMC la Vita Kuu ya Pili, la kampuni ya Tamiya ya Japani, kwa kipimo cha 1 kwa 35. Malori hayo ya kweli yaliundwa zaidi ya 500,000. Mwaka 1944 yalikesha barabarani yakipeleka petroli na risasi kutoka pwani ya Ufaransa kulifuata jeshi lililokuwa likisonga mbele, na madereva wake wengi walikuwa Wamarekani weusi. La kwangu lilikuwa bado vipande, vimening'inia kwenye vijiti vya plastiki kama samaki kwenye utungo, kila kimoja na namba yake.

Nikamweleza mke wangu habari za kipimo. Sentimita 1 hapa mezani ni sentimita 35 kule barabarani. Mtu wa sentimita 175 anakuwa wa sentimita 5, na lori zima linakuja kama sentimita 19. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ndicho kipimo kinachotumika kunilipa mshahara.

Gundi maalumu ya kazi hiyo ilizuiwa uwanja wa ndege kwa kuwa inashika moto, nami nikaamua kutumia supaglu ya dukani. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo kila mkazi wa pwani angepaswa kuambiwa shuleni: supaglu haingoji jua wala joto ili ikauke, inangoja unyevu. Na unyevu, kama kuna mji umeumbiwa unyevu, ni Tanga. Huku chumvi haitoki kwenye kikopo mpaka ipigwe makofi. Nilibonyeza boneti kwa dole gumba nihesabu mpaka kumi, na nilipofika tatu nikawa nimekwisha kuwa sehemu ya lori. Adhana ya magharibi ikanikuta na GMC kidoleni. Binti yangu akaja na dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na kweli kidole kikabanduka, lakini dawa ile ile inayeyusha na plastiki. Boneti ikabaki na alama ya dole gumba, wazi kabisa, mistari yote, kama kitambulisho cha taifa.

Turubai nilitaka liwe la kitambaa cha kweli. Nikakata kipande cha kanga kuukuu, ambayo baadaye nilielezwa, kwa sauti ambayo jirani pia aliisikia, kuwa haikuwa kuukuu bali ilikuwa imepumzishwa. Kwa haraka zangu nilikata upande wa jina. Nimelipaka lile turubai rangi ya kijani mara tatu, na kila rangi ikikauka, ubavuni mwa lori la jeshi hujitokeza herufi taratibu, moja baada ya nyingine: HUYAWEZI.

Basi tuseme uundaji ulikwisha. Wajuzi wa mambo haya watakwambia hapo ndipo kazi huanza, maana lori jipya linalong'aa halidanganyi mtu; sharti lichakazwe. Ughaibuni kuna watu hununua kutu ya unga kwenye kichupa, kwa fedha. Nilipomweleza fundi baiskeli wa barabarani kwetu, aliweka spana chini. Mtu aliyezaliwa Tanga, akalala chini ya bati linaloliwa na upepo wa bahari, na kila mwaka akabadilisha mnyororo wa baiskeli, hawezi kuelewa kutu ikiuzwa. Akanikwangulia ya bure kwenye madigadi ya baiskeli tatu, akataka anuani ya wateja. Nayo kamba ya kuvutia gari sikuinunua. Katika mkoa ambao mwaka 1893 ulipokea mkonge wa kwanza, miche 62 tu iliyofika hai baada ya safari ndefu kutoka Florida, ingekuwa aibu kufunga lori kwa uzi wa nailoni. Nilisokota nyuzi mbili za mkonge, na hicho ndicho kifaa pekee katika kazi yote kilichonitii mara ya kwanza.

Tatizo lilikuwa matope. Nilitaka matope hasa, yale mekundu ya Muheza wakati wa masika. Udongo niliupata, nikauchekecha kwa chujio la chai (na lenyewe lina kesi yake), nikatafuta cha kuushikisha. Nikakumbuka uji wa unga wa ngano tuliokuwa tukigundishia tiara. Nikaupika, nikatia na sukari kidogo ili unate zaidi, nikachanganya, nikapaka magurudumu yote kumi, ekseli, mpaka kwenye boneti kufunika lile dole gumba. Lilipendeza. Nililala nikiwa na furaha ya mtu aliyeezeka nyumba.

Wanaojua historia ya mji huu wanakumbuka Novemba 1914. Waingereza walileta askari kama 8,000, wengi wao kutoka India, kuja kuitwaa Tanga iliyokuwa na watetezi wapatao 1,000 tu chini ya kamanda Mjerumani, Lettow-Vorbeck. Katika ule mtafaruku, nyuki nao waliingia vitani wakauma pande zote bila kuuliza bendera, na muda si mrefu baadaye meli zikaondoka na waliosalia, nyuma wakaacha bunduki na risasi tele. Mji wetu unaitwa "waja leo waondoka leo", na sijui kama kuna wageni walioutendea haki zaidi msemo huo. Ninachosema ni kwamba hapa wadudu wana rekodi ya kijeshi. Asubuhi nilikuta mstari wa sisimizi umetoka dirishani, umepanda mguu wa meza, umelizingira lori na kuanza kulishusha matope punje kwa punje, kwa nidhamu ambayo jeshi lolote lingeionea wivu. Upande wa kushoto walikuwa wamekwisha safisha. Lori likawa kama lililopita nusu kwenye mvua na nusu kwa fundi wa kuosha magari.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja mzee wa nyumba ya pili, aliyesikia habari za lori lililookotwa kwenye mchele. Nikampa shikamoo na kiti. Mzee huyu alikuwa utingo wa lori la tajiri mmoja wakati vita ya Kagera ilipoanza. Serikali ilipokusanya magari ya raia kusaidia usafiri, lori lao likaenda, naye akaenda nalo, na Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 yeye alikuwa bado anabadilisha springi njiani. Alivaa miwani, akaligeuza GMC kichwa chini miguu juu, jambo ambalo nimewakataza watoto wangu, akaanza kuhesabu.

"Difu tatu," akasema, kwa sauti ya mtu anayemtaja marehemu mwema. "Hili linavuta mbele na nyuma. Sisi letu lilikuwa na moja, nyingine tulikuwa sisi."

Sikumsimulia kwamba Mwalimu Nyerere alipotangaza vita alisema sababu tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, na kwamba mimi kwenye mradi huu nilikuwa na viwili vya mwanzo. Aliona mwenyewe. Matope, akasema, nimeyapaka kama siagi. Gari hurushia matope nyuma ya tairi na chini ya bodi, halijipaki usoni. Maneno ya turubai aliyapenda. Alama ya dole gumba aliitazama sana, asiseme kitu. Kisha akaliweka mezani, akalisukuma kwa kidole, likatambaa.

"Gogo liko wapi?"

"Gogo gani, mzee?"

"Bwana wee, lori bila gogo la kuwekea tairi? Kwenye kona za Soni, unapanda Lushoto, mzigo umejaa, breki zinapumua, nani analizuia? Utingo anaruka na gogo lake. Utingo asiye na gogo ni abiria."

Nilitabasamu kiungwana. Kwenye boksi hakukuwa na gogo, na Wajapani wale walikuwa wamehesabu mpaka nati za magurudumu. Nikamsindikiza, nikaliweka lori juu ya kabati la televisheni, mahali pa heshima.

Nilijivunia sana kwamba magurudumu yale yanazunguka. Siku ya tatu upepo wa kaskazi ulifunga mlango kwa kishindo, kabati likatetemeka, na GMC likaanza safari. Nililiona. Halikukimbia, lilikwenda polepole, kama gari la bibi harusi, likaipita saa ya mezani, likaupita mtungi wa maua ya plastiki, likafika ukingoni. Bampa liliokotwa chini ya jokofu la zamani. Difu ya mbele iliokotwa na kuku, safari hii kweli. Usukani hatujauona, na mke wangu sasa anachagua mchele mara mbili.

Nimeliunganisha tena. Gogo nimelichonga kwa kijiti cha mwarobaini, sentimita 1 kamili, maana la kweli huwa kama sentimita 35, na nimeliweka nyuma ya tairi la mwisho. Jana nilimwita mzee aje alione. Akainama, akatazama, akainuka.

"Umeliweka nyuma," akasema. "Kwani mlima wa kabati hili uko upande gani?"

Leo asubuhi nimekwenda kwa fundi mwashi kuazima pimamaji.